Nyumba Haivai Tairi

Watu wote wa Kambini walikuwa wakibomoa nyumba zao, isipokuwa Philbert, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake akinywa chai. Amri ilikuwa imetoka: kufikia Jumamosi kila mtu awe amehamia kijiji kipya ng'ambo ya bonde, na nyumba itakayokutwa huku juu itachomwa moto. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1974 na mvua ilikuwa imeanza kunukia. Wanaume walikuwa juu ya mapaa wakifumua nyasi na kung'oa miti iliyokuwa bado inafaa, wanawake walibeba milango kichwani, na vumbi la kuta za watu lilimwangukia Philbert kwenye kikombe.

Nyumba yake yeye ilikuwa karavani. Wazungu waliojenga barabara kuu, walipofunga kambi yao hapo karibu na Ilula, walimwachia mpishi wao hiyo nyumba ya bati kwa ahsante. Ilikuwa na chumba kimoja, madirisha mapana ya kioo na magurudumu mawili. Tangu hapo Philbert hakuwa mtu wa kusemezwa hovyo. Aliipaka rangi ya buluu, akaizungushia maua, na watoto wa watu akawakataza kuigusa. Siku tangazo lilipotolewa baada ya misa, wenzake waliinamisha vichwa, yeye akacheka. Akasema mbele ya kadamnasi kwamba ninyi mtahama, lakini mimi nyumba yangu itahama yenyewe, nami nitaifuata nyuma na fimbo kama mtu apelekaye ng'ombe mnadani.

Maneno ya namna hiyo hayasahauliki upesi kwa mtu aliye juu ya paa lake akilibomoa.

Mkewe, Verediana, hakucheka. Yeye alikuwa na mama yake mzazi, Bibi Rozalia, mjane aliyekuja kuishi karibu na binti baada ya nyonga kuharibika. Kibanda cha bibi nyuma ya karavani kilikuwa kimekwisha kubomolewa na mgambo, ili iwe mfano kwa wanaochelewa, na sasa alilala jikoni chini ya turubai lenye matundu. Mtoto wao pekee, Mika, alikuwa shuleni Tosamaganga, kwa hiyo hapakuwa na mikono mingine. Verediana alimwomba mumewe, kwa upole, akate miti michache kama wenzake, wamjengee mama hata kijibanda cha kuanzia.

"Kijibanda cha nini?" Philbert aliuliza. "Mama atalala kwenye karavani. Kitanda cha godoro, dirisha la kioo. Mimi na wewe tutalala chini ya turubai mpaka nijenge."

Tusimwonee Philbert kwa hili, kwani alikuwa anasema kweli, na ahadi yenyewe haikuwa ndogo. Kwa Wahehe wa rika lake mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Miaka yote waliyoishi ua mmoja, Philbert hakuwahi kumshika Bibi Rozalia mkono hata kwa salamu. Wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini mpaka mwenzake apite. Alipokula yeye, bibi aligeukia ukutani. Wakiwa na neno la kuambiana walilipitisha kwa Verediana, au walisemezana wamepeana migongo. Kulala chini ya paa moja lilikuwa jambo lisilotajika, kwa hiyo kumpa mkwe karavani maana yake ni Philbert kuitoka moja kwa moja, na alikuwa radhi. Alikuwa anampenda yule mama kwa namna hiyo ya mbali, ambayo pengine huzidi ile ya karibu.

Basi kila kitu kikabaki kwenye jambo moja: karavani ifike ng'ambo ya bonde kabla ya Jumamosi, la sivyo mama mkwe atanyeshewa. Na karavani isingekwenda popote, kwa sababu tairi lake la kushoto lilikuwa limeoza, limepasuka ubavuni, na ekseli ilikuwa imelazwa juu ya mawe tangu wazungu waondoke.

* * *

Mjini Iringa palikuwa na ghala la vipuri, na humo ndani Philbert aliliona tairi lake kwa macho yake mwenyewe. Lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma ya karani, dogo kwa mzingo lakini nene, la aina inayofungwa kwenye magari ya kubebea mizigo. Namba za ubavuni zilikuwa zilezile za tairi bovu alilokuwa amelibeba begani kutoka stendi. Fedha hazikuwa tatizo, maana alikuwa ameuza nguruwe wa mkewe. Mwaka ule fedha ilikuwa kitu cha mwisho kuulizwa, cha kwanza kilikuwa kibali.

Karani aliuliza ni tairi la gari gani. Philbert akasema la karavani. Ina injini? Haina. Ina namba za usajili? Hazipo. Sasa inafanya kazi gani?

"Tunalala ndani," Philbert alisema.

Foleni nzima ilicheka. Karani, kijana wa shule aliyenyoosha suruali yake vizuri, aliweka kalamu chini ili afurahi pamoja na watu.

"Kwa hiyo ni nyumba."

"Ni nyumba, bwana mkubwa, lakini ina magurudumu."

"Mzee, nyumba haivai tairi. Nyumba inavaa bati, na bati nazo hakuna. Haya, anayefuata."

Philbert hakuondoka. Alisogea pembeni kidogo akaendelea kusimama, kofia mkononi, tairi bovu miguuni, na kila aliyepita alilikwepa kama uchafu. Mwishowe karani alimwambia, bila kumwangalia, kwamba akalete barua ya mwenyekiti wake inayosema kile kitu ni gari, ndipo waone. Tairi lilibaki pale ukutani. Philbert alirudi Ilula usiku huo, na njiani alikuwa akizitaja zile namba moyoni kama anayesali rozari.

Mwenyekiti alikuwa Kalinga, na Kalinga alikuwa na lake jambo moyoni. Nyumba yake ya huku juu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye vyumba vinne, na ndiyo iliyobomolewa kwanza, kwa mikono yake mwenyewe, ili mtu asije akasema. Sasa alikuwa amekaa kijiji kipya mbele ya meza isiyo na ofisi, juani, akigawa viwanja. Philbert alipofika asubuhi alimwamkia kwa Kihehe, kamwene, kwa adabu zote. Kalinga aliitika, kisha akamwacha asimame mpaka wote waliokuja baada yake walipokwisha kuhudumiwa.

"Haya, sema," Kalinga alimwambia. "Sema kwa sauti, wenzako wasikie. Unaomba nini?"

"Naomba barua ya tairi, mwenyekiti."

"Tairi la nini? Si ulituambia nyumba yako itahama yenyewe?"

Walicheka, na hakuna aliyecheka kwa kificho. Philbert naye alijaribu kucheka kidogo ili kicheko kisimuumize sana. Kalinga akamweleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba akiandika kile kitu ni gari, basi Philbert hana nyumba ila ana gari, na mtu mwenye gari katika kijiji hiki ni kabaila, itabidi wamjadili. Akiandika ni nyumba, karani hatatoa tairi. Sasa yeye achague anataka kuwa nani.

"Kata miti, Philbert," alimaliza. "Jenga kama wenzako."

Ushauri ulikuwa mzuri, na laiti angeusikia. Shida ni kwamba ulitolewa pamoja na kicheko, na mtu hawezi kumeza kimoja akatema kingine. Philbert alivaa kofia yake, akapanda tena mlima mpaka barabarani, na jioni hiyo akapata lifti ya lori la mizigo ya Zambia kwenda Mbeya.

* * *

Selestini, fundi wa matairi pale Mwanjelwa, aliwahi kufanya kazi kambi moja na Philbert wakati wa barabara. Alimpokea kama ndugu. Alimpa maji ya kunawa, akamlisha ugali na maharage, na hakuuliza shida mpaka mgeni aliposhiba. Ndipo akaligeuza lile tairi bovu juu ya goti lake, akasoma namba, akasikitika.

Hakuwa nalo. Mbeya nzima hapakuwa nalo, alisema, labda kwenye maghala ya serikali, na huko ni hadithi ileile. Kilichokuwepo ni tairi moja la gari dogo, jipya kabisa, bado lina vinyweleo vya mpira. Alilitoa chini ya kitanda chake. Philbert alilipapasa kwa viganja vyote viwili, akauliza kama litaingia kwenye rimu.

"Litaingia, na huo ndio ubaya wake," Selestini alisema. "Litaingia, litajaa upepo, utaliona limekaa vizuri, utafurahi. Lakini hili ni la gari la kubeba mtu na mkewe na kikapu. Nyuzi zake chache. Nyumba yako ina uzito wa gari zima, na wote umelalia miguu miwili."

"Ni maili chache tu, ndugu yangu. Kuteremka bonde na kupanda kidogo."

Selestini alilibonyeza tairi kwa dole gumba. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema hupata taabu kumnyima rafiki kitu alichokifuata mbali.

"Basi ivutwe tupu," alisema. "Nisikilize vizuri. Tupu, hata sufuria isiwemo. Polepole. Na ukiona ubavu wa tairi umetoa tumbo, msimame hapohapo, msiende hata hatua."

Fedha za nguruwe hazikutosha, kwa sababu tairi lile lilikuwa limefika chini ya kitanda cha Selestini kwa njia ya magendo na mwenye kulileta alikuwa anasubiri chake. Philbert alifungua saa yake ya mkononi akaiweka mezani. Selestini aliona haya kuichukua, lakini aliichukua.

* * *

Ijumaa mchana Philbert aliingia Kambini akilisukuma tairi kwa mkono, likibiringika mbele yake barabarani, jeusi na jipya. Angeweza kulipitisha nyuma ya migomba. Alilipitisha katikati. Wale waliokuwa wamebaki, wamekaa juu ya virago vyao wakingoja zamu ya tela, walisimama kutazama, na mmoja akauliza, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa imepungua dhihaka, kama kweli ndilo lenyewe.

Hapo ndipo angeweza kusema kweli, na ingemgharimu kicheko kimoja tu. Lakini alikuwa amekwisha kuchekwa ghalani na kuchekwa mbele ya Kalinga, na mgongo wake ulikuwa bado unauma kwa kulalia mizigo ya lori.

"Ndilo lenyewe hasa," alisema. "Fundi wa Mbeya kaniambia hata nikipakia tembo."

Jioni, wakati anafunga nati za gurudumu, Verediana alikuja akachuchumaa karibu naye. Aliligusa tairi, akamwuliza kwa sauti ya chini swali lilelile. Nguruwe walikuwa wake, aliwalisha tangu wadogo.

"Ndilo, Baba Mika?"

"Ndilo," Philbert alisema, akaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Asubuhi ya Jumamosi trekta la kata lilichelewa. Lilipofika, saa za adhuhuri, lilikuja na Kalinga mwenyewe na mgambo wenye viberiti. Dereva wake aliitwa Yohane, Mbena wa Njombe, mtu wa maneno machache, aliyekuwa hajalala vizuri kwa juma zima kwa kuhamisha watu. Karavani iliungwa nyuma ya trekta kwa pini ya chuma. Mawe yaliondolewa, na nyumba ile ikasimama kwa miguu yake miwili. Tairi jipya lilibonyea kidogo, likatulia. Baadhi ya watu walipiga makofi bila kutaka.

Kalinga aliizunguka mara moja. Kisha akaelekeza kidole kwenye magunia ya mahindi ya kijiji yaliyokuwa yamebaki kando ya njia, ambayo tela lilikuwa limeyaacha.

"Pakieni humu," aliwaambia mgambo. "Nyumba kubwa hivi haiwezi kwenda tupu wakati chakula cha watu kinabaki. Si inabeba hata tembo?"

Philbert alifungua mdomo. Alimtazama Kalinga, akawatazama majirani, akamtazama mkewe. Watu wote walikuwa wakingoja aseme. Akasema kwamba wayapange vizuri, yasichafue godoro. Magunia yakaingia, moja baada ya jingine, yakapangwa kuelekea dari, na karavani ikawa inashuka kila linapoingia.

Likabaki suala la Bibi Rozalia, ambaye hakuweza kutembea bonde zima. Baiskeli ilikuwepo. Mtu mwingine yeyote angemkalisha kwenye keria akamsukuma polepole mpaka ng'ambo, ni kazi ya alasiri moja. Lakini aliyekuwa na baiskeli ni Philbert, na mtu hambebi mama mkwe wake kwenye baiskeli, mkono ukimshika asianguke, kwenye mabonde na mashimo. Lilikuwa jambo ambalo hata kulifikiria alikuwa halifikirii. Verediana, ambaye peke yake asingeweza kuizuia baiskeli mteremkoni, alikwenda kwa majirani, mmoja mmoja. Wanaume walikuwepo wa kutosha, na baadhi yao walikuwa wamekula kwa mama huyo.

"Mama, si mna nyumba ya magurudumu," wa kwanza alimjibu. "Mpakieni." Na wa pili alitikisa kichwa tu, maana mkono wake ulikuwa na lengelenge la jembe la kubomolea, na hakukumbuka kumwona Philbert akija kumsaidia.

Kwa hiyo Verediana alitoa nje godoro la mumewe na nguo zake zote, hata viatu, pasibaki kitu cha mwanamume mle ndani. Philbert alikwenda mbali akageuka nyuma, mpaka alipoambiwa tayari. Bibi Rozalia akaingizwa na binti yake, akalazwa kitandani pembeni ya magunia, kanga mbili mwilini, akashukuru kwa sauti ambayo Philbert aliisikia akiwa amewapa mgongo. Alisema Mungu amlipe yule baba kwa kumpa nyumba yake. Mgambo walikuwa wamekwisha kukitia moto kibanda cha jiko, na Verediana akakimbilia huko kuokoa jiwe la kusagia na vyungu vyake. Trekta likaondoka bila kumngoja.

* * *

Njia ya bondeni ilikuwa mpya, imechongwa na watu wenyewe kwa majembe, inashuka ikikunjakunja. Philbert alitembea upande wa kushoto, jicho lake likiwa kwenye tairi tu. Kwa muda mrefu tairi lilikwenda vizuri na moyo wake ukaanza kurudi mahali pake. Kabla ya mteremko mkubwa aliona kitu ubavuni, kama jipu changa. Aliinama akitembea. Tumbo lilitoka, likaingia chini, likatoka tena likiwa limekua.

Alikimbia mbele akampungia Yohane. Trekta lilisimama, nusu yake ikiwa imekwisha kuanza kuteremka. Philbert alimweleza, na mara hii alisema kweli yote, kwamba tairi si lake na halikutakiwa kubeba kitu.

Yohane hakumlaumu. Alisema toa mama, toa magunia, haraka, maana yeye hawezi kushuka kwenye trekta kusaidia. Breki ilikuwa mbovu, na akiinua mguu tu, wote wanakwenda. Philbert alitazama nyuma. Njia ilikuwa tupu. Juu, kwenye ukingo, moshi wa Kambini ulikuwa unapanda, na Verediana alikuwa chini ya moshi huo na vyungu vyake.

"Tumngoje mke wangu," alisema.

"Mguu wangu unatetemeka, bwana. Mshike mwenyewe umtoe. Nani anakuona hapa?"

"Yeye ananiona."

Philbert alikwenda mlangoni, akaupa mgongo, akasema kwa sauti ya heshima kwamba tairi si zuri, mama angefanya vyema kushuka. Bibi Rozalia alijibu kutoka ndani kwamba nyonga imekataa, amwitie mwanawe. Philbert alisimama pale. Mlango ulikuwa nyuma yake, na kati yake na kitanda cha mkwe wake palikuwa na hatua kama mbili, na kwa mtu aliyelelewa kama yeye hatua hizo hazikuwepo. Yohane alimpigia kelele kwamba breki inateleza. Basi Philbert akasema twende, lakini polepole, chini kule ni tambarare, tutamngojea huko.

Tairi lilipasuka katikati ya mteremko. Karavani ilikaa chini kwa upande wa kushoto, ikavuta trekta, pini ikakatika, na ile nyumba ya buluu ikalala ubavu ndani ya mfereji, taratibu kuliko mtu angetegemea. Trekta liliendelea kushuka peke yake na Yohane juu yake, likapotea kwenye kona ya chini.

Mlango sasa ulikuwa umegandamizwa na udongo. Dirisha la upande wa pili lilikuwa limeangalia mbinguni, kioo chake kimevunjika chote, na lilikuwa pana, mtu mzima angepita bila kujikwaruza. Philbert alipanda juu akachungulia. Magunia yalikuwa yameanguka. Mengi yalikuwa pembeni, ila moja lilikuwa limemlalia Bibi Rozalia kifuani, na kanga zake zilikuwa zimepanda zote, hana stara tangu kiunoni kushuka chini. Alikuwa macho. Alimwona.

"Baba, usitazame," alisema.

Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia uso kwa uso. Philbert aliziba macho kwa mkono mmoja, kwa mwingine akavua koti lake, akalidondosha ndani bila kuangalia lilipoangukia. Kisha akakaa juu ya ubavu wa karavani, mgongo ameugeuzia dirisha, akaanza kuita jina la mkewe kwa nguvu zake zote.

Bibi Rozalia aliuliza kama mwanawe amefika. Akamwambia anakuja, mama. Baada ya kitambo akauliza tena, sauti ikiwa fupi, imekatwakatwa na gunia. Akamwambia anakuja, yuko karibu. Kisha bibi hakuuliza tena, na Philbert alifikiri amepumzika, akashukuru kimoyomoyo kwamba maumivu yamepungua. Hakugeuka. Mtu akimwuliza leo, atasema kwamba katika maisha yake yote hajafanya jambo gumu kuliko kukaa pale bila kugeuka.

Verediana aliona karavani kutoka juu ya mteremko. Alitupa vyungu. Alipofika hakumwuliza mumewe kitu, alipanda, akajitumbukiza dirishani kwa miguu. Philbert alisikia gunia likiburutwa. Lile gunia alilitoa peke yake, mwanamke mmoja aliyetoka kukimbia, kwa mvuto mmoja. Kisha akasikia kanga zikivutwa na kutandazwa.

"Aliongea?" Verediana aliuliza kutoka ndani.

"Aliongea vizuri tu, Mama Mika. Alikuulizia. Akaniambia nisitazame, nami sikutazama. Sikumvunjia heshima hata kidogo."

* * *

Walimzika kijiji kipya, wa kwanza kuzikwa huko, kwenye sehemu ambayo ilikuwa bado haijakatwa magugu. Mvua ilinyesha siku ya matanga, na watu walijibana chini ya turubai la ofisi kwa sababu nyumba zao zilikuwa bado miti mitupu. Kama ilivyo desturi, baada ya kula, wazee walikaa na wafiwa kuuliza kifo kilitokeaje, ili pasibaki maneno ya pembeni.

Yohane, mguu umefungwa bendeji, alisema ni tairi. Kalinga alisema ni tairi, kwamba mzigo ulikuwa wa kawaida na ajali ni ajali, na hakumwangalia mtu. Philbert alisimama akasema kweli kwamba tairi halikuwa lake, alidanganya kwa sababu ya haya, na kosa analibeba. Halafu akaeleza yaliyofuata, mpaka lile koti. Wazee walitikisa vichwa kwa masikitiko, na mzee mmoja wa upande wa marehemu alisema kwamba pamoja na yote, kijana huyu ameonyesha adabu. Siku hizi, alisema, si wengi wanaojua mkwe ni nani. Wengine waliitikia kwamba ni kweli. Mtu alimpa Philbert mkono.

Wakamgeukia Verediana, kwa kuwa ndiye mwenye mama, wakamwuliza kama anakubaliana kwamba kilichomwua mama yake ni tairi.

Verediana alikuwa amekaa mkekani, miguu amenyoosha, na lile koti likiwa limekunjwa pembeni yake. Aliwatazama wazee, kisha akamtazama mumewe, ambaye macho yake yalikuwa chini kwa unyenyekevu.

"Tairi lilipasuka," alisema. "Mama alikufa baadaye."